Mkono ulionisumbua saa nane za usiku

Mchana mzima niko fresh, natype, nafua, nabeba mtoto, hakuna shida. Halafu usiku, kwenye saa nane hivi, naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, unawaka moto, vidole vimejaa kama soseji wakati ukiviangalia havijavimba hata kidogo. Basi nakaa kitandani naukung'uta, kung'u kung'u, kama manesi wa zamani walivyokuwa wanakung'uta kipimajoto. Dakika tano ganzi inaachia, nalala. Mume wangu alishazoea, alikuwa anageuka upande wa pili tu bila hata kuuliza.

Sasa utauliza mbona sikwenda hospitali mapema. Sababu ni kwamba hii kitu nilikuwa nishakutana nayo. Mimba yangu ya pili, miezi ya mwisho, mikono yote miwili ilikuwa hivi hivi, hadi pete ikagoma kutoka, nikaambiwa ni maji mwilini na nikishajifungua itaisha, na kweli wiki chache baada ya kujifungua ikaisha yenyewe. Kwa hiyo iliporudi miaka minne baadaye nikajisemea ah, huyu namjua, ataondoka. Nikamsubiri mwaka na nusu. Hapo ndo nilipokosea na hakuna wa kumlaumu.

Baadaye vitu vikaanza kuniponyoka. Kikombe, simu, funguo. Kufunga kifungo cha shati la mtoto nikawa namwita dada yake aje kunisaidia, maana kidole gumba na cha shahada vinakutana ila havina habari kwamba vimekutana, sijui kama naeleweka, unashika kitu lakini lazima ukiangalie ndo ujue umekishika.

Daktari swali lake la kwanza lilinishangaza. "Mama, na kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?" Nikamjibu mkono mzima unakufa. Akasema nenda ukaangalie vizuri usiku. Basi usiku ule nimeamka, nikawasha taa, nikachukua kitana nikawa navichoma vidole kwa jino lake, kimoja kimoja. Gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Cha kati, kimya kabisa. Kidole kidogo, aisee, kinauma vizuri tu! Na cha pete ndo kilinimaliza: upande wa kati kimekufa, upande wa kidole kidogo kizima. Kidole kimoja, nusu hai nusu mfu. Nilirudia mara nne.

Huo ndo ugonjwa unaoitwa kapo taneli (carpal tunnel). Hapo kwenye kifundo cha mkono kuna kanjia kembamba, chini na pembeni mifupa, juu kuna mkanda mgumu, na ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Kitu chochote humo kikivimba, neva ndo inabanwa. Kidole kidogo kinahudumiwa na neva nyingine ambayo haipiti humo, ndo maana chenyewe kilikuwa kinakula raha. Na kwa nini usiku? Kwa sababu tukilala tunakunja mikono, mimi nilikuwa naikunja chini ya mto kabisa, na ukikunja kifundo kile kanjia kanazidi kubana.

Kila mtu aliniambia ni kompyuta. Daktari hakuing'ang'ania kompyuta kihivyo, aliniuliza kuhusu sukari, maumivu ya viungo, uzito, akapima damu, ikaonekana tezi ya shingoni kwangu inafanya kazi kivivu, nayo huwa inachangia. Yaani mausi niliyonunua ya bei mbaya, ile inayosimama wima, masikini ya Mungu ilisingiziwa.

Akanipa splinti, kile kibao cha kunyoosha kifundo, unavaa ukilala. Nilikidharau. Lakini mkono wa kushoto, ambao nao ulikuwa umeshaanza kidogo, ulipona kwa hicho hicho kibao, wiki sita hivi pamoja na dawa ya tezi, basi. Wa kulia ukakataa. Nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pale kwenye kifundo, nikapata miezi mitatu ya usingizi mtamu, halafu ikarudi kama haijawahi kuondoka. Kipimo cha neva, kile cha kupigwa vishoti vidogo vidogo vya umeme, kikaonyesha neva imechoka. Na hata bila kipimo, nikiweka viganja viwili pamoja chini ya taa naona ile nyama nene iliyo chini ya gumba, kushoto imejaa, kulia imebonyea. Hiyo iliniogopesha kuliko maumivu yote. Ukiiona hiyo usisubiri kama mimi.

Oparesheni yenyewe fupi, uko macho, sindano ya ganzi kiganjani ndo inauma, baada ya hapo nasikia tu wanavutavuta. Wanakata ule mkanda wa juu ili neva ipate nafasi. Usiku wa kwanza kidonda kiliuma ila ile ganzi ya saa nane haikuja. Nililia kidogo, sitadanganya. Niliambiwa mkono ukae juu na vidole nivichezeshe tangu siku hiyo hiyo, nyuzi zikatoka kama wiki mbili baadaye.

Ila asikwambie mtu unapona siku hiyo. Kidonda kilifunga mapema, nguvu hazikuja mapema. Miezi mitatu nilikuwa nashindwa kukamua taulo, na chini ya kiganja, pembeni mwa kovu, ukibonyeza panauma mpaka jino linaitikia. Neva inaota taratibu mno, kama milimita moja kwa siku, na iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi yote.

Sasa ni mwaka na miezi. Nalala. Vifungo nafunga mwenyewe. Ncha ya kidole cha kati bado ina kaganzi kadogo, kama nimevaa plasta, na nyama ya gumba imerudi ila si kama ya kushoto. Nikiinuka kutoka sakafuni bado naweka ngumi badala ya kiganja, mwanangu mdogo naye ameiga, anainuka kwa ngumi, mkono wake mzima kabisa.