Siku yangu moja uwanjani, na pikipiki zilizolala chini

Mi nafundisha watu kuendesha pikipiki, huu ni mwaka wa 9 sasa, na watu wakinikuta wananiuliza habari za ajali kubwa, spidi, kona kali, mambo ya barabara kuu. Sawa, hizo zipo na zinaua. Lakini pikipiki nyingi nilizoziona kwa macho yangu zikienda chini hazikuwa kwenye spidi, zilikuwa zinatembea mwendo wa mtu wa miguu au zimesimama kabisa, na mwenyewe akili yake ilikuwa imeshashuka kabla mwili haujashuka. Afu anaona aibu, na ile aibu ndo inamuumiza kuliko lile anguko. Hili jambo linanikera miaka yote, kwa hiyo nimeamua kuandika siku ya jana ilivyokwenda, saa kwa saa.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naanza na pikipiki yangu. Kuna kufuli kwenye diski ya mbele, na kutoka kwenye kufuli kuna kamba ya rangi ya chungwa inapanda mpaka kwenye mkono wa klachi, huwezi kushika klachi bila kuigusa. Kamba hiyo sikuiweka kwa urembo. Mwaka juzi nilitoka nimechelewa, nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, tairi likazunguka kidogo tu kufuli likagonga kwenye breki, kila kitu kikakwama na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaondoka chini. Tukalala wote wawili upande wa kulia. Diski ikapinda, breki ikawa inatetemeka kila nikishika, ikabidi diski ibadilishwe nzima. Toka siku hiyo, kamba.

Naangalia upepo wa tairi, taa ya breki, mnyororo. Mnyororo naubonyeza kwa kidole pale chini katikati, nyingi zinataka ucheze kama milimita 20 mpaka 30 ila kila pikipiki ina kipimo chake kwenye kitabu chake. Naupaka oili injini imezimwa, tairi nalizungusha kwa mkono. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kuna watu wanaweka stendi kubwa, wanawasha injini, wanatia gia ili tairi lijizungushe lenyewe, afu wanashikilia kitambaa kwenye mnyororo wasafishe haraka. Kitambaa kinavutwa kinaingia kati ya mnyororo na sproketi, lile gurudumu la meno, vidole vinafuata. Namjua fundi, mtu mzoefu kuliko mimi, ncha za vidole vyake 2 ziliondoka hivyo hivyo. Zima injini. Tafadhali.

Saa 1 asubuhi

Wanafunzi 6, koni zimepangwa, kila mtu anataka kupanda. Hakuna kupanda. Somo langu la kwanza siku zote ni kuinua pikipiki iliyoanguka, naitandikia tairi kuukuu chini nailaza juu yake polepole na nawaambia kila mmoja ataiinua, kwa sababu kila mmoja wenu ataiangusha, leo au mwaka ujao.

Mzee mmoja, mtu wa miraba minne, akacheka akasema, “Mwalimu, hii mimi naibeba tu.” Akainama na kiuno chake chote.

“Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, na nguvu unazo naziona, lakini ukiinua hivyo mgongo utadai baadaye. Niangalie kwanza.”

Namna yake iko hivi. Kwanza zima injini kwa swichi na funguo. Kama imelalia kulia, itoe stendi ya pembeni mapema kabla hujainua, maana ukishaisimamisha bila stendi itapitiliza iangukie upande wa pili, hilo nimeliona mara nyingi sana, mtu anaiinua kwa jasho afu inalala upande mzuri uliokuwa haujachubuka. Tia gia ili tairi la nyuma lisiteleze. Kata usukani mpaka mwisho. Sasa ipe mgongo, makalio yako yakae kwenye ukingo wa siti, magoti yakunje, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye chuma cha nyuma, afu rudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo ukisukuma kwa miguu. Mikono inashikilia tu, kazi ni ya mapaja.

Mama mmoja mwembamba, wala hajafika kilo 60, akaiinua ya kilo 130 mara ya kwanza. Yule mzee akamwangalia, akanyamaza, akaja akaipa mgongo akafanya vile vile. Ikaja juu kama mlango. Akaniambia, “Kumbe.”

Saa 3 asubuhi

Hapa ndo nilikaa na mawazo siku nzima.

Kuna binti, dada mmoja mtulivu, anasikiliza kuliko wote. Tunafanya kugeuka kwenye koni, mwendo mdogo kabisa, usukani umekatwa kushoto karibu wote. Koni ya tatu akaikaribia sana. Niliona macho yake yakishuka kwenye ile koni, nikajua. Unakoangalia ndiko unakokwenda, pikipiki haina siri na macho yako. Afu nikaona vidole vyake 4 vya mkono wa kulia vikijikunja vyote kwa pamoja kwenye breki ya mbele, kama mtu anayeshika kamba asianguke.

Inatokea hivi: ukishika breki ya mbele uzito wote unakimbilia mbele, na kama tairi liko wima limenyooka hiyo ni nzuri sana, ndo maana breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kuliko ya nyuma. Lakini tairi likiwa limekatwa na mwendo ni mdogo, ule uzito unaenda upande ule ambao usukani umegeukia, na hakuna spidi ya kuisimamisha. Shokapu zinazama, pikipiki inashika breki na kulala kwa wakati mmoja. Haichukui hata sekunde. Sauti yake sio kubwa, ni kama mtu ametua kabati.

Dada wa watu aliruka pembeni salama, afu kabla sijamfikia ameshainama anahangaika kuiinua, mikono inatetemeka, injini bado inawaka, tairi la nyuma linazunguka hewani na gia imeingia. “Samahani mwalimu, samahani, samahani.” Nikamwambia, acha kwanza. Iache. Zima swichi. Simama. Pumua. Unaumwa wapi? Akasema haumwi popote. Nikaangalia goti, suruali imechanika na damu ipo. Alikuwa hajui. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka hasikii goti lake mwenyewe, na hiki ndicho ninachokisema.

Nikawaita wote waje waone, sio wamwone yeye, waone tairi lilivyokatwa na mkono ulipokuwa. Kwenye mwendo mdogo mguu wa kulia ndo unafanya kazi, breki ya nyuma kidogo kidogo, klachi ishikwe nusu isugue, resi kidogo isiyobadilika, macho yaende kule unakotaka kutokea. Vidole vya breki ya mbele viache vipumzike kwenye mpira wa usukani.

Tukaiinua, afu haiwaki. Stata inazunguka wee, haiwaki, kaka mmoja akasema plagi imelowa, mwingine akasema mafuta yamemwagika kwenye kabureta, wakaanza kutafuta bisibisi. Dada alikuwa ameizima kwa ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia kama nilivyomwambia, na hakuna aliyeirudisha. Nimewahi kuona mtu anasukuma pikipiki yake juani mpaka gereji kwa ajili ya swichi hiyo. Kwa hiyo ikigoma kuwaka, kabla ya bisibisi: swichi nyekundu, koki ya mafuta, stendi. Maana nyingi za sasa ukitia gia na stendi ya pembeni iko chini injini inajizima yenyewe kwa makusudi, na mgeni anadhani imekufa.

Yeye akaomba akae pembeni kidogo. Nikamwacha.

Saa 6 mchana

Mapumziko, kivulini. Huwa nawaalika waendeshaji wa siku nyingi waje wakae na wanafunzi, na nawaomba kitu kimoja tu, waseme walivyoanguka kijinga. Mwanzo wanasita, afu wakianza hawaishi.

Mmoja alisimama kwenye taa, kamba ya kiatu ilikuwa imezunguka kwenye pedeli ya gia, mguu ukakataa kushuka, akalala polepole kushoto mbele ya magari yote, anasema alikuwa na muda wa kutosha wa kuelewa kila kitu kinachotokea na hana la kufanya. Kamba za viatu ziingizwe ndani, jamani. Mwingine aliegesha kwenye mteremko, uso wa pikipiki ukiangalia chini, iko nyutro. Ikajisukuma mbele, stendi ikajikunja. Mteremkoni iache kwenye gia ya kwanza, na bora tairi la nyuma ndo liwe upande wa chini. Mwingine aliiacha kwenye lami iliyolainika na jua kali la mchana, stendi ikazama taratibu yeye yuko ndani, akasikia tu kishindo. Siku hizi anatembea na kibati bapa cha kuweka chini ya stendi, akakitoa mfukoni akatuonyesha, kimechakaa kingo zote.

Mzee wa miaka 30 na zaidi barabarani akasema yeye anguko lake la mwisho ni la kutoka dukani na tairi jipya. Tairi jipya lina utelezi juu, linataka kilomita za mwanzo uende nalo pole, kona usizilalie. Yeye alijua hilo, anasema, alishawaambia watu mia, na kona ya kwanza tu nje ya geti akalala.

Yule dada alikuwa amekaa nyuma kabisa. Sikumwangalia, ila niliona amesogea mbele.

Saa 9 alasiri

Nikaenda kujaza mafuta na wanafunzi wengine 2 nyuma yangu, wao wameshafikia hatua ya barabarani. Nikajaza full, lita 14. Petroli hiyo ni kama kilo 10 hivi, na inakaa juu kwenye tanki, kwa hiyo pikipiki uliyoizoea inabadilika kidogo, inakuwa nzito kichwani. Nikaisogeza pembeni, simu ikaita, nikaisukuma stendi kwa kisigino nikashuka huku nikitoa simu mfukoni.

Stendi haikufika mwisho.

Niliisikia kwenye nyonga ikianza kuondoka. Na hapa nilifanya kosa la pili ambalo kila siku nawakataza watu: nikaishika. Ikishapita kiwango fulani cha kulala hakuna binadamu wa kuizuia, iachie, toa mguu, vyuma vinanunuliwa. Mi nikaikumbatia usukani, bega la kulia likavutwa, na ikaenda chini vile vile. Wanafunzi wangu wawili wako hatua 3 wanaangalia.

Masikio yaliwaka moto. Miaka yote hii, na mwili wangu ulitaka kuinama upesi niinue kabla watu hawajaona, kabisa kabisa kama yule dada. Nikajilazimisha kusimama. Nikazima funguo. Nikawaambia, vijana, njooni muone mwalimu alichokosea, afu nikaipa mgongo nikaiinua, bega linauma.

Baada ya kuinua usiondoke. Tukaangalia pamoja: mkono wa klachi umepinda, pedeli ya gia imegusa kava ya injini, kioo kimelegea, usukani umenyooka, resi ukiiachia inarudi yenyewe, hakuna mafuta yanayovuja, tairi zinazunguka bila kugusa. Mkono wa klachi nikauacha umepinda hivyo hivyo, maana zile ni aluminiamu, ukiunyoosha kwa mabavu unakatika, na uliopinda unakufikisha nyumbani. Pia ile skrubu inayokaza kishikio chake kwenye usukani mi huwa siikazi mpaka mwisho, naiacha ishike tu, ili ikianguka kizunguke badala ya kuvunjika. Ndo maana haukuvunjika.

Saa 11 jioni

Kurudi uwanjani nikawaita wote 6 nikawaonyesha ule mkono uliopinda, nikawasimulia kuanzia simu ilipoita mpaka bega. Sikuficha kitu. Yule dada akaniuliza, “Mwalimu, uliwaza nini ilipokuwa inaenda?” Nikamwambia sikuwaza kitu, niliona aibu, afu nikaiona ile aibu nikasema subiri.

Akanyamaza kidogo, akaenda akavaa helmeti. Ameshafunga na mkanda afu akaufungua akaufunga tena kuhakikisha. Koni ile ile ya tatu. Safari ya kwanza alipita kwa mbali, kama anaikwepa mbwa. Ya pili karibu zaidi. Ya tatu niliona kichwa kinainuka na kugeuka kabla ya usukani, vidole vya kulia vimelala juu ya mpira, klachi inasugua ile sauti yake ya chini chini, akazunguka akatoka. Hakuna aliyepiga makofi, nilikuwa nimewakataza, mtu akizunguka anatakiwa asikie injini.

Akazunguka tena mara 11. Nilihesabu.

Saa 2 usiku

Bega nimelipaka dawa. Nina daftari ambalo naandika kila anguko la uwanjani: saa ngapi, upande gani, mwendo, mikono ilikuwa wapi, macho yalikuwa wapi. Nimeandika mistari 3. Wa kwanza ni wa dada, kushoto, breki ya mbele, macho kwenye koni. Wa pili ni kaka mmoja saa 4 aliyetua mguu kwenye shimo alipokuwa anasimama. Wa tatu ni wangu, kushoto, imesimama, macho kwenye simu.

Kesho kabla ya kuondoka natakiwa nipitie kununua mkono wa klachi. Nitanunua 2.