Simu moja ya mwalimu, kadi za karatasi

Jumatano jioni

Teknolojia ya darasani ikitajwa, watu huwaza kompyuta kwa kila mwanafunzi. Nazidi kuamini kwamba simu moja ya mwalimu inatosha, mradi swali limetungwa vizuri.

Programu ya Plickers hutumika hivyo. Kila mwanafunzi hushika kadi ya karatasi yenye namba na mchoro wake mweusi. Akiizungusha, herufi inayokaa juu, A, B, C au D, ndiyo jibu lake. Mwalimu hupitisha kamera ya simu darasani na majibu hujisajili kwa majina. Herufi zimechapwa ndogo, jirani hachungulii kirahisi, na hata asiyenyoosha mkono kamwe anajibu. Kwangu hilo ndilo la thamani.

Kidole kikiziba mchoro, kamera haisomi. Kadi iliyofunikwa plastiki inayong'aa hurudisha mwanga, basi chapa kwenye karatasi ngumu isiyong'aa.

Kazi kubwa ni swali. Chukua 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6, lakini uhondo uko kwenye majibu ya makosa. Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wa 2/6 amepata asili ya pamoja, akasahau kubadili viasi. Wa 1/6 amezidisha. Jibu likiwekwa ovyo ili kujaza nafasi, kura zake hazikuambii chochote kuhusu mwanafunzi.

Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kufundisha fizikia kwa mtindo wa kura na majadiliano mwaka 1991, hutumia vipimo hivi: waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya, wakizidi 70, fafanua kidogo usonge mbele. Wakiwa katikati, kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili tatu, kisha wapige kura tena. Hapo ndipo darasa huchangamka kwelikweli, kwa sababu kila mtu ameshachagua upande na ana cha kutetea.

Ila chati ya majibu isionekane ukutani kabla ya kura ya pili. Wakiona nguzo ya B imerefuka, watahamia B bila hoja, na mjadala umekufa. Maswali mawili au matatu kwa kipindi yanatosha. Yakizidi, muda wa kujadiliana ndio huliwa kwanza.