Difu inavuja, propela inatetemesha

Hilux ya mjomba imenyanyuliwa springi ipite tope la Newala msimu wa korosho. Kabla ya kuja gereji kwangu Masasi, difu yake (sanduku la gia la ekseli ya nyuma) ilishabadilishiwa sili ya pinieni, yaani mpira unaozuia oili pale gia ya kuingiza nguvu inapotokeza, ikavuja tena.

Mimi sili huigusa mwisho. Nilisafisha difu kwa petroli, nikaipaka poda ya mtoto ili ionyeshe oili inapoanzia, tukaenda Ndanda na kurudi. Mchirizi ulianzia shingoni mwa pinieni. Kumbe breza, kitundu cha difu cha kupumulia, imezibwa na tope! Difu ikipata moto, presha inasukuma oili kwenye sili.

Mtetemo je? Krosi, kiungo cha propela kinachojikunja, ilikuwa na mchezo, lakini kisa ni pembe: gari likinyanyuliwa, propela, shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, inainama zaidi. Pinieni na shafti ya giaboksi ziende sambamba. Nikaweka kabari za chuma kwenye springi.

Mjomba anataka kuinyanyua tena. Aje na hela ya krosi.