Modemu Iliyolala na Ujumbe Uliochelewa

Jumapili, usiku

Wiki hii nimesumbuliwa na kosa ambalo kwa siku tatu nililidhania kuwa la mtandao wa simu. Umeme umekuwa ukikatika mtaani kwetu karibu kila jioni, kwa hiyo nafanya kazi kwa betri ya kompyuta yangu ya mpakato, nikiwa nimechomeka modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu. Jumatano nilikuwa nikisubiri habari kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Mwanza, ambaye alikuwa amempeleka mama hospitali. Habari hazikuja. Alama ya mtandao pembeni mwa kioo ilionyesha kwamba nimeunganishwa, nami nikaamini kwamba bado wako kwenye foleni. Ilipofika saa tatu kasorobo nikafungua ukurasa mwingine usiohusiana kabisa na jambo hilo, na papo hapo jumbe zake nne zikaingia kwa mkupuo, ule wa kwanza ukiwa umetumwa dakika 40 kabla. Wa mwisho uliuliza, "Kaka, mbona umekaa kimya?"

Mama yu salama, namshukuru Mungu. Lakini jambo lile lilinikaa moyoni, maana mtandao mbovu hauwi na tabia hiyo ya kuzuia yanayoingia na kuyaachia mara tu unapotuma kitu. Alhamisi niliporudia hali hiyo kwa makusudi na kuona inajirudia vilevile, nikakumbuka kwamba Jumatatu, ili betri idumu, niliendesha programu ya PowerTOP kwa amri ya --auto-tune, ambayo hupita katika vifaa vyote vya kompyuta na kuviruhusu vilale visipokuwa na kazi. Kati ya vifaa hivyo ilikuwamo modemu.

Katika Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, kila kifaa cha USB kina saraka (folda) yake chini ya /sys/bus/usb/devices, na ndani yake mna faili dogo liitwalo power/control. Likiandikwa "on", kifaa hubaki macho muda wote. Likiandikwa "auto", keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa, huwa na ruhusa ya kukilaza baada ya muda fulani wa ukimya, ambao kwa kawaida ni sekunde 2. Faili jingine, power/runtime_status, hueleza hali ya sasa. Nililifungua la modemu nikakuta neno "suspended", wakati uleule alama ya mtandao ikisisitiza kwamba nimeunganishwa.

Namna USB inavyokilaza kifaa ni jambo ambalo hunivutia kila ninapolifikiria, kwa sababu kifaa chenyewe hakipelekewi amri yoyote ya kulala. Kinachofanyika ni ukimya. Katika USB 2.0 kompyuta hupitisha alama ya muda kwenye waya kila milisekunde 1, au kila mikrosekunde 125 kwa vifaa vya kasi ya juu, hata pale ambapo hakuna data ya kupeleka. Alama hizo zikikoma kwa milisekunde 3, kifaa kinapaswa kutambua kwamba wakati wa kupumzika umefika na kupunguza umeme kinaotumia hadi usizidi miliampea 2.5, ilhali kikiwa macho kinaweza kuwa kimeruhusiwa hadi 500. Faida yake haiishii kwenye kifaa. Katika kompyuta nyingi, hasa za zamani, kidhibiti cha USB chenye kifaa kilicho macho huendelea kusoma kumbukumbu bila kukoma, na usomaji huo huizuia prosesa isiingie katika usingizi wake mzito, kwa hiyo kipanya kimoja kisichoguswa na mtu kinaweza kula chaji ya betri kuliko mwenye kompyuta anavyodhani.

Kuamsha ndiko kugumu. Kompyuta ikitaka kuzungumza tena na kifaa, hushikilia ishara ya kuamsha kwa angalau milisekunde 20, kisha hukipa kifaa milisekunde 10 za kujikusanya kabla ya kukitaka kijibu. Watunzaji wa keneli ya Linux wameipanga ishara hiyo kuwa milisekunde 40, mara mbili ya kiwango cha chini, nami naona wametenda kwa busara, kwa sababu vifaa vya bei nafuu tunavyonunua madukani havina haraka ya kuamka kama waraka wa kanuni unavyotaka. Hata hivyo tatizo langu lilikuwa upande wa pili. Iko njia ambayo kifaa chenyewe huiamsha kompyuta, kama kibodi inavyofanya inapobonyezwa. Modemu inapopokea data kutoka mnarani inapaswa kufanya hivyohivyo, iseme kwamba kuna mzigo umefika. Hii yangu hujitangaza kuwa na uwezo huo, na keneli ikaiamini, lakini data ilipofika modemu ilinyamaza. Jumbe za mdogo wangu zilikaa ndani yake hadi mimi nilipofungua ukurasa, kompyuta ikaiamsha kwa ajili ya shughuli yangu, ndipo nazo zikapata njia.

Ijumaa nilimwomba anitumie ujumbe kila baada ya dakika moja, nami nikabadilisha "auto" kuwa "on", kisha nikarudisha, mara tatu. Kwenye "on" zote ziliingia kwa wakati wake. Kwenye "auto" hakuna uliofika mpaka niguse kitu. Nimeandika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, inayoitambua modemu kwa namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, na kuiweka "on" kila inapochomekwa.

Nilidhani nimemaliza. Jana nikafunga kifuniko cha kompyuta, nikaenda sokoni, na niliporudi modemu haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa na kitu kilichojitambulisha kama kisomaji cha CD. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimechanganya usingizi wa aina mbili. Ule wa kwanza ni wa kifaa kimoja huku kompyuta ikiwa kazini. Huu wa pili ni wa kompyuta nzima, na katika baadhi ya mashine umeme wa matundu ya USB hukatwa kabisa. Kompyuta inapoamka, keneli hulinganisha maelezo ya kifaa kilichomo tunduni na yale iliyokuwa nayo kabla ya kulala. Yakilingana, huendelea nacho kana kwamba hakikuondoka. Modemu za aina yangu, zikipata umeme upya, huanza kama CD yenye programu za Windows, na ni programu ya usb_modeswitch inayozigeuza kuwa modemu yenye namba nyingine ya bidhaa. Kwa keneli, basi, modemu ilikuwa imechomolewa na kitu kingine kuchomekwa mahali pake, na sioni kwamba ilikosea. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba ugeuzaji huo unafanyika tena baada ya kuamka.

Ulinganishaji huo ndio unaonifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Unasimamiwa na faili liitwalo power/persist, na unafanya kazi njema, kwa kuwa bila huo diski ya nje iliyofunguliwa kabla ya usingizi ingeonekana kuwa imeng'olewa na mafaili yake yangebaki nusu. Lakini kisomaji cha kadi za kumbukumbu hubaki kilekile hata kadi iliyomo ikibadilishwa. Mtu akitoa kadi moja na kutia nyingine wakati kompyuta imelala, keneli inaweza kuandika kwenye kadi mpya kwa ramani ya kadi ya zamani, na kuharibu vilivyomo. Nyaraka za keneli zenyewe zinaonya waziwazi kuhusu hatari hiyo. Wapwa zangu hutumia kisomaji cha kadi cha kompyuta hii kuhamisha picha, na kadi yenye picha za harusi ya wazazi wao hukaa humo mara kwa mara. Sikuwahi kuwaambia kwamba kadi huondolewa kwanza kwenye mfumo, kabla ya kufunga kifuniko.

Mwanzoni nilifikiria kuzima uokoaji wa umeme kwa vifaa vyote ili nipate amani. Nimeacha wazo hilo. Keneli kwa kawaida hulaza habu za USB, yaani vigawanyaji vya matundu, na kuviacha vifaa vingi macho hadi mtu au programu iseme vinginevyo, na sasa naelewa sababu: haiwezi kujua ni kifaa kipi kitatimiza ahadi yake ya kuamka. Hilo nitalipima mimi, kifaa kimoja kimoja. Kamera iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo nayo imeunganishwa kwa USB, nimeijaribu mara kumi na huamka bila tatizo, basi itabaki "auto". Kipanya changu huamka kwa kubonyezwa tu na si kwa kusogezwa, nami naweza kuishi na hilo. Modemu itakesha. Mdogo wangu amesema kesho wanarudi kuchukua majibu ya vipimo saa nne asubuhi.