Digrii Moja Ambayo Kidole Hakiihisi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho. Mkobani, kando ya madaftari ya wanafunzi, natia kipande cha tumbawe kilichobomoka kwenye ukuta wa nyumba ya bibi, Mji wa Kale, Mombasa. Kimekaa nami hapa Kisumu miaka sita.

Saa moja na robo tuktuk inanishusha langoni. Usafi, gwaride, kuita majina.

Saa tatu, Gredi ya Nane, Sayansi Jumuishi. Kipande kinapita mkono kwa mkono. "Mwalimu, si hili ni jiwe tu?" Nawaambia wakitazame dirishani: vishimo vidogo vyenye mistari kama nyota, vimesongamana. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja laini, mdogo kama punje ya mtama. Mwilini mwake huishi vijimea visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyompa rangi, na chakula chake kingi hutoka kwavyo.

Kisha bilauri mbili za maji, moja digrii 29, nyingine 30. Wanachovya vidole. Hakuna anayetambua ipi ni ipi. Digrii hiyo moja ikizidi joto la juu alilozoea mnyama huyu, ikadumu wiki kadhaa, anavitema vijimea vyake. Anapauka, na maji yasipopoa anakufa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa hivyo.

Kimya. Halafu msichana mmoja wa Dunga, binti ya mvuvi wa ngege: "Mbona wasihame?"

Hawawezi, mwanangu. Wameshikana na mwamba.

"Sasa tufanyeje?" Nawaeleza habari za Kuruwitu, Kilifi, ambako mwaka 2005 wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe. Mwamba usiosumbuliwa una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Lakini sikuwaficha: kufunga eneo hakupozi maji. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe ndio unaoipasha bahari joto, hata ule wa magari yanayopita Kondele.

Mchana ni kusahihisha tu.

Saa moja usiku nampigia mjomba, Shimoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za ziwani?"

Namsimulia lile swali. Anakumbuka mwaka ule alipozamia akadhani mtu kamwaga chokaa mwambani. Siku hizi, asema, hatupi nanga juu ya matumbawe. Anafunga mashua kwenye boya.

"Huyo binti ajua kuogelea?"

Nitamwuliza kesho.