Bia za Ubelgiji kwa ulimi uliolelewa na ulanzi

Kila nikituma picha ya glasi kutoka huku Brussels kwenye kundi la familia la WhatsApp, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo ina asilimia ngapi?" La pili: "Na kali kuliko zote huko ni ipi?" Siwalaumu. Bia za viwandani za kwetu ni za ukoo mmoja. Safari, Kilimanjaro, Tusker, Primus, zote ni za rangi ya dhahabu, nyepesi, zimetengenezwa ili zinywewe baridi siku ya jua, kwa hiyo cha kubishania kinabaki kilevi na bei. Ubelgiji nako kuna watoto wa ukoo huo. Ingia baa ya kawaida Brussels, sema "bia" bila kufafanua, utaletewa Jupiler, na hutaona tofauti kubwa na ile uliyoiacha Sinza.

Raha inaanza unapoacha kuuliza ukali na kuanza kuuliza ni nini kilichofanya kazi humo ndani. Kwenye bia za Ubelgiji zenye jina, mara nyingi mwenye kazi ni hamira. Yenyewe ndiyo inayoleta harufu ya ndizi mbivu, karafuu, pilipili manga, hata pera, wakati mpishi hakutia tunda wala kiungo chochote. Na hamira haitaki haraka, wala haitaki barafu. Nyumbani mhudumu anakuuliza "ya baridi au ya moto?", na anayejibu "ya moto" watu humwona mshamba au mgonjwa wa kifua. Huku bia nzito nyingi hutolewa zikiwa na ubaridi kiasi tu, nyuzi 8 hadi 12 hivi, kwa sababu ikiganda sana ulimi unakufa ganzi na ile karafuu huisikii. Wazee wetu wa "ya moto" walikuwa karibu na ukweli kuliko tulivyodhani.

Mtego wa kwanza kwa mgeni ni bia za dhahabu zenye nguvu. Westmalle Tripel, ambayo abasia (nyumba ya watawa) ya Westmalle inaitengeneza tangu mwaka 1934, ina asilimia 9.5. Duvel ina 8.5. Ukizitazama ni angavu, zina povu zuri, ulimini ni nyepesi. Siri ni sukari: wapishi hutia sukari kwenye sufuria, hamira inaila karibu yote na kuigeuza kilevi, haibaki ile shibe ya kimea ambayo ingekuonya. Shemeji yangu kutoka Tukuyu alikunywa bia za namna hiyo kwa mwendo wa Safari, na kwenye tramu ya kurudi nyumbani akamhubiria dereva Kinyakyusa mpaka kituo cha mwisho. Dereva alikuwa mstaarabu. Sisi ndio tulioshuka tumeinamisha vichwa.

Kuhusu bia za watawa, weka jambo moja sawa kwanza. Picha ya mtawa kwenye lebo si ushahidi wa mtawa kiwandani. Leffe ina jina la abasia lakini inapikwa Leuven na AB InBev, kampuni kubwa ya bia kuliko zote duniani. Bia ya Trappist, shirika la watawa, yenye alama ya pembe sita ni habari nyingine: lazima ipikwe ndani ya ardhi ya abasia, watawa wenyewe wasimamie, na faida iwatunze wao na kazi zao za huruma. Sisi wa kusini tuliokua tukisikia habari za Peramiho, watawa wenye karakana, shamba na kiwanda cha uchapaji si jambo la kushangaza. Hawa wana kiwanda cha bia, basi.

Katika hizo, inayosifiwa mpaka inachosha ni Westvleteren 12 ya abasia ya Sint-Sixtus, asilimia 10.2, kizibo cha njano. Utaratibu wao wa kuuza uliozoeleka ni wa kuweka oda, kupangiwa siku, kisha kwenda na gari mpaka getini. Hawapendi wachuuzi, na hawaongezi uzalishaji kwa sababu tu dunia ina kiu. Mfanyakazi mwenzangu Mflemishi alinigawia chupa kadhaa kutoka kwenye kreti yake, nami nikaona zisiende bure. Nikanunua na St. Bernardus Abt 12 na Rochefort 10, nikaita watu nyumbani. Nilimimina jikoni, nikaingiza glasi sebuleni bila chupa, chini ya kila glasi karatasi yenye herufi.

Uchaguzi wa St. Bernardus una sababu yake. Baada ya vita, watawa wa Sint-Sixtus walikabidhi jina na biashara kwa kiwanda cha Watou, kijiji cha jirani, na kuanzia mwaka 1946 hadi 1992 kiwanda hicho ndicho kilichopika bia ya jina lao kwa ajili ya soko. Mkataba ulipokwisha, Watou wakaendelea na bia hizo kwa jina la St. Bernardus. Kwa hiyo unapoweka hizo mbili pamoja unaonja watoto wa nyumba moja walioachana ukubwani. Moja unahangaika kuipata, nyingine iko supamaketi karibu na maziwa.

Waamuzi walikuwa mzee mmoja wa Lubumbashi anayeishi Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa, nesi wa Kisumu, na kijana wa Bujumbura anayedai hakuna bia duniani inayoishinda Primus ya kwao. Papa wa Lubumbashi hakunywa kwanza. Alizungusha glasi, akanusa, akanyamaza, akanusa tena. Akasema ya tatu ina harufu ya tini kavu na kakao, na kwamba inapanda puani. Ilikuwa Rochefort, asilimia 11.3, na ndiyo aliyoipa ushindi. Nesi akachagua ya pili, kwa sababu "ina tende na sukari guru, na hainipigi kelele." Hiyo ni St. Bernardus. Mrundi akasema zote ni uji. Westvleteren hakuna aliyeiweka ya kwanza. Mimi niliyejua ipi ni ipi naona ni bia nzuri sana, ina zabibu kavu na mkate wa maganda meusi, imetulia kuliko wenzake. Lakini kama ingeuzwa pembeni ya Rochefort kwa bei moja, bila hadithi, nadhani sifa zingegawanywa vizuri zaidi.

Orval naiweka peke yake. Abasia ile ya kusini, karibu na mpaka wa Ufaransa, inauza sokoni bia moja tu, asilimia 6.2, chupa imejaa tumbo chini kama pini ya mchezo wa bowling. Wanaitia hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces wakati wa kujaza chupa, na hamira hiyo inaendelea kula taratibu humo humo. Chupa changa inanukia hopsi (yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia), majani na maganda ya chungwa. Iache miezi sita au zaidi, hopsi zinafifia na inakuja harufu ya ngozi, ya zizi la farasi. Baa zinazojiheshimu hukuuliza unataka changa au ya zamani. Soma tarehe kwenye chupa kabla hujabishana na mtu kuhusu Orval, la sivyo kila mmoja anabishana kuhusu bia yake.

Sasa nifike nilipotaka kufika, yaani lambiki, bia inayochacha yenyewe.

Nyuma ya stesheni ya Midi, Anderlecht, katika mtaa usio na uzuri wowote, kuna Cantillon, kiwanda kilichoanza mwaka 1900. Mle ndani hawatii hamira. Wanapika shayiri iliyooteshwa kimea pamoja na ngano mbichi, wanachemsha saa nyingi na hopsi zilizozeeshwa miaka, ambazo uchungu wake umekwisha lakini bado zinazuia uozo. Kisha wanapandisha maji hayo ya moto hadi darini, kwenye beseni pana la shaba lenye kina kifupi. Usiku kucha wanaacha madirisha ya mbao wazi. Hewa ya Brussels inaingia na kila ilicho nacho, hamira na bakteria. Asubuhi kinywaji kinaingia kwenye mapipa ya mbao na kuachwa mwaka, miaka miwili, mitatu. Buibui hawaguswi, maana wanakula vijinzi vinavyofuata matunda na mapipa.

Nilipoonja mara ya kwanza, gesi kidogo, uchachu unaokunja taya, harufu ya maganda ya limao na ghala la zamani, sikuona kitu kigeni. Niliona kilabu cha bibi yangu Njombe. Ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, nao hakuna mtu anayeutia hamira. Mgema anakata ncha ya chipukizi la mwanzi msimu wa mvua, anatundika mbeta, chombo cha kukingia, asubuhi na jioni anarudi kuparua kidonda, na utomvu unaanza kuchacha wenyewe huku unadondoka. Wa leo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukilala unakuwa mdindifu, na hapo watoto mnafukuzwa. Bibi alikuwa hauzi wa aina moja. Alikuwa akiuonja wa jana, akiona umezidi anatia wa asubuhi, anaonja tena, anakunja uso, anaongeza. Wateja walikuwa wanakuja kwake kwa ajili ya mkono huo.

Gezi, ile lambiki ya chupa yenye kizibo kama cha shampeni, inatengenezwa kwa mkono wa namna hiyo. Mchanganyaji anapita kwenye mapipa na glasi, anaonja, kisha anaunganisha lambiki ya mwaka mmoja, miwili na mitatu. Changa inaleta sukari iliyobaki, ambayo ndiyo itakayozaa gesi ndani ya chupa. Kongwe inaleta ladha. Hakuna kipimo kilichoandikwa, kwa sababu kila pipa limekuwa na maisha yake.

Tofauti ya gezi na ulanzi ni muda, na muda unatokana na baridi. Cantillon wanapika kuanzia vuli hadi mwanzo wa machipuo tu. Usiku wa kiangazi una joto mno, bakteria wabaya wanashinda. Ulanzi hauna hopsi za kuulinda, hauna pishi la baridi, na wadudu wa siki wako kazini tangu kwenye mbeta. Ukivuka siku chache, umekwisha. Gezi nzuri inakaa miaka 20 kwenye pishi.

Papa wa Lubumbashi nilimpelekea chupa. Alimeza kidogo, akanitazama. "Mama, hii ni bia ao ni siki?" Nikamwambia, Papa, subiri chakula. Tulikuwa na samaki wa kukaanga na pilipili. Alipomaliza samaki, chupa nayo ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza si mimi.

Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Kilabu cha bibi kilikuwa kinaingizwa kwenye daftari la mtendaji kwa kufunguliwa kabla ya saa za ruhusa. Nasema tu.

Kuhusu viwanda vipya vidogo, nitasema kwa ufupi kwa sababu vingi vinaigana. Hopsi za Kimarekani, harufu ya embe na balungi, kopo lenye michoro, glasi ya pili imekuchosha. Ninaowarudia ni Brasserie de la Senne wa hapa Brussels. Taras Boulba yao ina asilimia 4.5 tu, kavu, chungu, na ndiyo jibu langu kwa ndugu wa WhatsApp: bia ninayoinunua mara nyingi kuliko zote ni dhaifu kuliko Safari. Brussels Beer Project nao walinifurahisha kwa Babylone, waliyoipika kwa mkate uliobaki bila kuuzwa. Inaonja kama ganda la mkate uliobanikwa, na wazo lenyewe lingeeleweka kijijini kwetu bila mkalimani.

Dada zangu mnaokuja huku, jiandaeni kwa jambo moja. Nimekaa meza moja na wanaume, mhudumu akawasomea wao orodha nzima, kisha akanigeukia na kuniletea kriek ya kiwandani, nyekundu, tamu kama sharubati, bila kuniuliza. Eti ndiyo ya wanawake. Kriek halisi ni lambiki iliyolazwa na cheri chachu kwenye pipa, hamira inaila sukari ya tunda mpaka inakwisha, kinachobaki ni rangi, harufu ya kokwa na uchachu unaotoa machozi. Nilirudi baa ile ile na nesi wa Kisumu. Akaja mhudumu yule yule na mbili za sharubati. Tukamrudishia, tukaagiza gezi kubwa ya chupa na glasi mbili. Akauliza kama tunajua kuwa ni chachu sana. Nesi akamwambia kwa Kifaransa chake cha wodini: "Fungua, tutakuelekeza."