Kiangazi cha mdogo wangu

Jumapili usiku. Wote wamelala. Nimebaki mezani na daftari la mdogo wangu, aliloniachia nilisome.

Wiki ijayo tunaingia Agosti. Hapa Marekani, kwa mwanafunzi anayeingia mwaka wake wa mwisho wa sekondari, tarehe 1 Agosti ni siku kubwa. Ndipo Common App, fomu moja inayopokelewa na vyuo zaidi ya 1,000, inafunguliwa kwa msimu mpya wa maombi. Vyuo vingi vinavyopokea maombi ya mapema hufunga dirisha hilo 1 Novemba, na shule zikishafunguliwa mtoto hana tena pumzi. Mimi fomu yangu niliijaza Desemba. Insha niliimaliza saa chache kabla ya muda kwisha, nikaandika nilichodhani wanataka kukisikia. Hadi leo nikiikumbuka inaniuma, kwa sababu hapakuwa na hata sentensi moja iliyokuwa yangu. Ndiyo maana tangu Juni kila Jumapili jioni nakaa naye hapa mezani.

Mwanzoni hakutaka. Wenzake wawili wamekwenda kambi za masomo kwenye vyuo vikuu, kambi za kulipia maelfu ya dola. Yeye siku nne kwa wiki anapanga bidhaa dukani, siku zinazobaki yuko na bibi.

"Dada, mimi sina cha kuandika," aliniambia. "Kiangazi chote nimekaa nyumbani tu."

Bibi ana kisukari, na Kiingereza hakijui. Nilichukua daftari hili hili nikamfungulia mdogo wangu. Kurasa na kurasa: tarehe, kipimo cha asubuhi, kipimo cha jioni, alichokula. Pembeni kuna maneno madogo madogo: "Amekataa dawa ya jioni, anasema inamchoma tumbo. Muulize daktari." Nikamwuliza, huku ndiko kukaa nyumbani tu?

Fomu ile ina sehemu ya shughuli, nafasi 10, na maelezo ya kila shughuli yasizidi herufi 150. Katika aina za shughuli unazochagua, kuna kazi ya kulipwa na kuna majukumu ya kifamilia. Zimeandikwa pale pale, sambamba na michezo na muziki. Nilimwonyesha, akanyamaza kwa muda mrefu.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa: "Namsaidia bibi yangu mgonjwa." Nikaanza kumhoji. Unamsaidiaje? Mara ngapi? Kuna kilichobadilika kwa sababu yako? Nilimwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza kitafuata. Tulikaa saa nzima, akifuta na kuhesabu herufi kwa ncha ya kalamu, mpaka ikatoka hivi: "Napima sukari ya bibi asubuhi na jioni, naandika daftarini, namtafsiria kliniki. Daktari alibadilisha dawa kwa kumbukumbu hizo."

Mtoto alisoma alichoandika kana kwamba anasoma habari za mtu mwingine.

Mengine yamekwenda bila shida. Walimu wawili aliwaomba barua za mapendekezo kabla shule hazijafungwa, wakiwa bado wanamkumbuka vizuri. SAT, mtihani ambao vyuo huutazama katika maombi, atafanya Agosti, na anajifunza kwa mazoezi ya bure ya tovuti ya Khan Academy, nusu saa kabla ya kwenda kazini. Inatosha. Sioni haja ya kumkamua zaidi ya hapo.

Suala la pesa ndilo lililokuwa linamkosesha baba usingizi. Kila chuo kinachotoa misaada ya serikali kinatakiwa kisheria kuwa na kikokotoo kwenye tovuti yake; unaingiza kipato cha familia, kinakukadiria utakacholipa baada ya ruzuku na ufadhili. Baba alileta karatasi zake za kodi, tukajaza vyuo vitatu. Chuo ambacho ada yake iliyotangazwa ilimfanya aseme "hapo tusahau" kilitoka nafuu kuliko cha jirani. Ni makadirio tu, na FAFSA, fomu ya msaada wa kifedha wa serikali, kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba. Lakini nilimwona baba akivua miwani na kuifuta polepole, na tangu usiku ule hajasema tena kwamba mtoto achague cha karibu. Laiti mtu angetuonyesha kikokotoo hicho zamu yangu ilipofika. Kuna vyuo nilivifuta kwenye orodha kwa kuangalia bei tu.

Imebaki insha, maneno yasiyozidi 650. Maswali yake hutolewa mapema, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja fomu ifunguliwe. Nimemwomba asiniletee insha nzuri. Aniletee ukurasa wowote wa kweli, aulaze wiki moja, kisha anisomee kwa sauti. Ulimi ukikwama, hapo pana uongo au pana neno la kuazima.

Leo chini ya vipimo vya bibi nimekuta mstari mmoja wa penseli: "Bibi haniamini mpaka nimwonyeshe namba." Neno "haniamini" amelikata, halafu amelirudisha juu yake kwa mwandiko mdogo.

Sijagusa chochote. Nimelirudisha daftari juu ya friji, karibu na kipimo cha sukari. Kesho saa moja asubuhi atalihitaji.